Rais wangu alipiga kura ya siri kwa niaba yangu

Desemba 2024 wagombea watatu wa uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika walisimama jukwaani Addis Ababa, kwenye makao makuu ya Umoja, wakajibu maswali huku bara zima likiweza kuwatazama. Shughuli yenyewe iliitwa Mjadala Afrika. Alikuwapo Raila Odinga wa Kenya, ambaye sasa ni marehemu, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, na Richard Randriamandrato wa Madagascar. Niliutazama mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea: nimelipwa mshahara miaka mingi kwa kuandika yanayosemwa na wakubwa vikaoni. Waliulizwa habari za amani, biashara, fedha za Umoja, kiti cha Afrika kwenye Baraza la Usalama. Wakajibu, na baadhi ya majibu yalikuwa mazuri kweli. Ila sisi watazamaji hatukuwa wapiga kura, na wapiga kura hawakulazimika kutazama.

Tarehe 15 Februari 2025 viongozi wa nchi wakapiga kura. Nchi sita zilikuwa zimesimamishwa: Mali, Burkina Faso, Niger, Guinea, Sudan na Gabon. Zikabaki 49, na mshindi alihitaji theluthi mbili yake, yaani 33. Duru ya kwanza Raila alipata 20, Youssouf 18, Randriamandrato 10. Duru ya tatu Youssouf alikuwa ameshapanda hadi 23. Baada ya duru ya sita Raila akajitoa, na ya saba ikampa Youssouf kura 33, ndizo zilezile zilizotakiwa, hakuna hata ya akiba.

Niulize sasa: rais wangu alimpa nani? Sijui. Wala wewe hujui wako alimpa nani, labda kama unatoka nchi yenye mgombea. Kura ni ya siri. Wachambuzi walikisia kwa lugha, kwa dini, kwa nani kagombana na nani, lakini makisio ni makisio. Jambo hili limenikaa kooni tangu siku ile, na kila nikilitaja mbele ya watu wanaona natafuta ugomvi tu.

Kura ya siri tunaiheshimu kwa sababu inamlinda mnyonge. Mpangaji asiogope mwenye nyumba, kibarua asiogope tajiri, mke asiulizwe na mume. Ndiyo maana mimi naingia kibandani peke yangu. Lakini mtu ninayemtuma akaniwakilishe hana unyonge wa kulindiwa mbele yangu. Kura anayoipiga kule si yake, ni yangu, kaibeba tu. Mbunge akinyoosha mkono kupitisha kodi, nina haki ya kuuona mkono ule. Sasa mtu mwenye jeshi, polisi na msafara wa magari anapigaje kura kwa jina langu kisha mimi nisijue?

Najua jibu lao, maana nimelisikia. Nchi ndogo zinaogopa nchi kubwa. Kura ikiwa ya wazi, tajiri mmoja wa Ghuba au jirani mwenye bomba la mafuta atajua nani kamnyima, na atalipiza. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuitupa. Hata Bunge la Ulaya humchagua Rais wa Kamisheni kwa kura ya siri: Ursula von der Leyen alipata 383 mwaka 2019, kura tisa tu juu ya kiwango, na hadi leo hakuna orodha ya majina ya waliompa. Lakini bunge hilohilo likitaka kumwondoa, linapiga kura kwa majina, kila mbunge anaandikwa. Kwetu upande huo wa pili haupo, hivyo hoja ya nchi ndogo inabaki kuwa pazia la watu wote, wadogo kwa wakubwa. Tena hakuna kanuni inayomziba rais mdomo akisharudi nyumbani.

Niseme mapema kwamba sidai tuchague mwenyekiti wa Umoja wa Afrika kwa kura za wananchi wote, maana kuna wanaodhani hiyo ndiyo dawa. Fikiria kampeni ya nchi 55. Atakayeshinda ni mwenye ndege na mwenye pesa za matangazo, na pesa hizo zitakuwa zimetoka mahali. Mimi ni mtu wa mafaili. Nikishajua mtu kaingiaje ofisini, najali zaidi nani anaweza kumwita, kumkalisha na kumuuliza, na nani anaweza kumtoa kabla muda wake haujaisha. Kwa mashirika mengi yaliyo juu ya nchi zetu, jibu ni walewale waliomteua. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Kuna usiku mmoja ambao nimeusoma sana kwa sababu unaonyesha kinyume chake. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Machi 1999, makamishna wote 20 wa Kamisheni ya Ulaya, chini ya Jacques Santer, walijiuzulu kwa pamoja. Haikuwa vita wala mgomo. Ilianzia kwenye jambo ambalo vikaoni kwetu huwa linawekwa saa za usingizi baada ya chakula cha mchana: kuidhinisha hesabu. Bunge la Ulaya kila mwaka hulazimika kusema kama limeridhika na jinsi Kamisheni ilivyotumia fedha. Desemba 1998 lilikataa kuidhinisha hesabu za 1996. Miaka miwili ilikuwa imeshapita, na fedha zilishaliwa, kwa halali au kwa haramu.

Nyuma ya ukaidi ule kulikuwa na mtu mmoja wa ngazi ya chini, Paul van Buitenen, Mholanzi, mkaguzi ndani ya Kamisheni yenyewe, aliyekusanya nyaraka na kuwapelekea wabunge. Malipo yake? Alisimamishwa kazi akawekwa kwenye nusu mshahara. Januari 1999 ikapigwa kura ya kutokuwa na imani na Kamisheni: 232 walikubali, 293 walikataa. Kamisheni ikapona. Lakini ili ipone ilibidi ikubali watu watano huru wachunguze, na ripoti ya wale watano ndiyo iliyoiangusha. Iligundua kwamba kamishna mmoja, Édith Cresson, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, alimwajiri rafiki yake, daktari wa meno, kama mtafiti mgeni, na kazi iliyotoka kwake haikufanana na fedha alizolipwa. Kwa udanganyifu uliofanyika kwenye programu kadhaa, makamishna walijitetea kuwa hawakujua. Wachunguzi wakaandika kwamba ilikuwa inakuwa vigumu kumpata yeyote mwenye hata chembe ya hisia za kuwajibika. Sentensi hiyo ndiyo iliyouma kuliko zote.

Sasa angalia mtego uliokuwamo. Bunge halikuwa na uwezo wa kumtoa kamishna mmoja. Mkataba ulisema wote au hakuna, na Cresson hakutaka kwenda. Kwa hiyo waliondoka 20 kwa sababu ya ukaidi wa wachache. Baadaye Mkataba wa Nice ulirekebisha, Rais wa Kamisheni akapata nguvu ya kumdai kamishna mmoja ajiuzulu. Na Cresson? Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ilisema alikiuka wajibu wake, ila pensheni yake ikaachwa kama ilivyo. Nilipoisoma hukumu hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Hata kwa wenzetu, wakubwa hawagongani vichwa hadi damu itoke.

Sitaki mtu adhani naisifu Ulaya. Kiwango cha kuitoa Kamisheni ni theluthi mbili ya kura zilizopigwa, tena ziwe zaidi ya nusu ya wabunge wote, na tangu kuanzishwa kwa bunge hilo hakuna hoja ya namna hiyo iliyowahi kupita. Julai 2025 ilijaribiwa kwa von der Leyen: 175 kwa 360, wengine 18 hawakuegemea. Chanzo kimojawapo kilikuwa ujumbe mfupi wa simu kati yake na mkuu wa Pfizer, Albert Bourla, wakati wa mazungumzo ya kununua chanjo za UVIKO. Gazeti la New York Times liliomba kuuona, Kamisheni ikasema haina, na Mei 2025 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ikasema kusema tu "hatuna" hakutoshi, mlipaswa kueleza mlitafuta wapi na vipi, na kama ulifutwa, ulifutwa lini.

Lakini kaa kidogo na jambo hilo. Gazeti liliandika barua ya kuomba, likajibiwa kwa maandishi, likaenda mahakamani, likashinda. Siku ya hoja bungeni mkuu wa Kamisheni alikuwa ameshasimama mbele ya wabunge Strasbourg akajitetea, kwa hasira, akiwaita waleta hoja watu wa siasa kali. Hakuondolewa, ila alijibu. Mimi hilo la kujibu ndilo ninaloliona kubwa, na nikisema hivi wenzangu wengine hunikatalia, wanasema kujibu bila kutoka ni maigizo. Sawa. Basi waniletee hata maigizo hayo upande wetu nione.

Nieleze kidogo mambo yanavyokuwa ndani, maana wengi wanadhani vikaoni kuna njama. Njama ni chache. Kilichopo zaidi ni majedwali.

Mikutano ya jumuiya za nchi huenda kwa ngazi. Wanaanza wataalamu, wanafuata makatibu wakuu wa wizara, kisha mawaziri, na kileleni wakuu wa nchi. Kila ngazi inapokea ripoti ya ngazi iliyo chini yake. Wataalamu wanakesha wakibishania aya moja hadi saa nane za usiku, wakishindwana, maneno yanayobishaniwa yanawekwa kwenye mabano ya mraba na kupelekwa juu. Asubuhi waziri mmoja anamnong'oneza mwenzake kwenye korido, mabano yanafutwa, na hakuna mahali popote panapoandikwa nani alilegeza na kwa nini. Kwenye kumbukumbu utasoma "Mkutano ulikubaliana". Ukiuliza mkutano ndio nani, unaonekana mgeni.

Halafu kuna jedwali la utekelezaji. Safu ya kwanza agizo, ya pili mhusika, ya tatu muda wa mwisho, ya nne hali ya utekelezaji. Safu ya mhusika mara nyingi imeandikwa "Nchi Wanachama na Sekretarieti", yaani kila mtu. Safu ya nne imeandikwa "unaendelea". Nimeona agizo likisogezwa tarehe mkutano hadi mkutano, aliyelitoa akastaafu, aliyepewa akahamishwa, na jedwali bado linasema unaendelea. Wakati mmoja nilipendekeza tuongeze safu moja tu, ya jina la ofisa anayeshughulikia. Jina la mtu, si la idara. Mkuu wangu, mtu mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, alivua miwani akaniuliza, "Unataka tugombane na nani hasa?" Safu haikuongezwa. Namheshimu hadi leo, na alikuwa sahihi kwamba tungegombana.

Sasa twende Arusha, maana Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ndio ninaoujua ibara kwa ibara. Ulisainiwa 30 Novemba 1999, na ukianza kuusoma utadhani umeandikwa na wanaharakati: Jumuiya ya watu, inayolenga watu, yenye utawala bora na uwajibikaji. Kisha unafika Ibara ya 67. Katibu Mkuu anateuliwa na Mkutano wa Wakuu wa Nchi, kwa kupendekezwa na mkuu wa nchi ambayo zamu imeiangukia, kwa kipindi kimoja cha miaka mitano. Bunge la Afrika Mashariki linajadili na kupitisha bajeti ya Jumuiya, linapokea ripoti za ukaguzi, linaweza kuuliza maswali. Halikumteua, wala halina kura ya kumtoa kama ile ya Strasbourg.

Mwanzoni mwa 2024 tuliona maana yake. Baadhi ya wabunge wa Jumuiya walianzisha hoja ya kutaka Katibu Mkuu wa wakati huo, Peter Mathuki, aondolewe kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Nasisitiza tuhuma. Simhukumu mtu, na lalamiko langu ni kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kumhukumu wala ya kumsafisha. Kwa sababu Machi ya mwaka huohuo Rais Ruto alimteua kuwa balozi Moscow, Kenya ikapendekeza jina jingine, na ilipofika Juni Veronica Nduva alikuwa ameshaapishwa kumalizia zamu ya Kenya. Mambo yakatulia. Funika kombe mwanaharamu apite. Kama alikuwa na makosa, wananchi wa nchi nane hawakusikia ushahidi. Kama hakuwa nayo, mwenyewe hakupata siku ya kusimama na kusema mnanionea. Kuondoka kulimalizwa kati ya ikulu na ikulu, na wale waliouliza swali wakabaki na karatasi zao.

Wabunge wenyewe nao si malaika, niseme hilo pia. Desemba 2014 walimwondoa Spika wao, Margaret Zziwa, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema hawakufuata Mkataba walipofanya hivyo. Ukitaka meno, lazima ukubali na wewe kung'atwa na kanuni.

Lakini kisa ninachokiona kizito kuliko vyote vya Arusha ni cha 2006, na nashangaa vijana wengi hawakijui. Ibara ya 50 inasema bunge la kila nchi litachagua wajumbe tisa wa kwenda Bunge la Jumuiya. Litachagua. Kenya mwaka ule haikupiga kura. Vyama viligawana nafasi, majina yakapita kwenye kamati ya shughuli za bunge, yakatumwa Arusha. Mwanasiasa Anyang' Nyong'o na wenzake kumi wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 27 Novemba 2006 Mahakama ikazuia wajumbe wale wasiapishwe hadi kesi isikilizwe. Uzinduzi wa Bunge zima ukakwama.

Hebu fikiria sura za wakubwa. Mahakama yenye umri wa miaka mitano tu, isiyo na polisi hata mmoja, imeiambia serikali isubiri! Hazikupita wiki tatu, wakuu wa nchi, wakati huo zilikuwa tatu tu, Kenya, Uganda na Tanzania, wakapitisha marekebisho ya Mkataba. Mahakama ikagawanywa vitengo viwili, cha mwanzo na cha rufaa. Zikaongezwa sababu za kumsimamisha na kumwondoa jaji, ikiwamo kama ana matatizo ya kinidhamu kwenye ofisi aliyonayo nchini kwake. Jumuiya ambayo agizo la kawaida hukaa miaka kwenye safu ya nne ilibadilisha katiba yake kabla Desemba haijaisha. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia jumuiya zetu ni nzito kwa asili, namwonyesha kalenda ya 2006.

Majaji, kwa sifa yao, hawakutishika. Machi 2007 walisema Kenya ilikiuka Ibara ya 50. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki kikaenda tena kupinga yale marekebisho yenyewe, na mwaka 2008 Mahakama ikasema kuyafanya bila kuwashirikisha wananchi kulikiuka misingi ya Mkataba. Kisha ikayaacha yasimame. Ilionya kwa siku zijazo. Naelewa kwa nini majaji walifanya hivyo, walikuwa wanatafuta namna ya kuishi. Majirani wa kusini walikuja kuona kinachotokea mahakama ikiwa jasiri kupita kiasi cha wakubwa: Mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pale Windhoek iliamua dhidi ya Zimbabwe kwenye kesi ya mashamba ya Campbell mwaka 2008, na 2010 ikasimamishwa. Ilikuwa haina hata kitengo cha rufaa cha kugawanyiwa.

New York na Washington nitapita haraka, kwa kuwa mambo yake yanajulikana. Salim Ahmed Salim wetu mwaka 1981, alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikwamishwa na kura ya turufu ya Marekani huku China ikimkwamisha Kurt Waldheim, duru baada ya duru, hadi wote wawili wakakaa pembeni na Javier Pérez de Cuéllar akapita katikati. Mwaka 1996 Boutros Boutros-Ghali alipata 14 kati ya 15 akakosa kipindi cha pili kwa kura hiyo moja. Mara kwa mara watu hutumia mifano hii kulalamikia ubabe wa Marekani, na ni kweli. Mimi nikiisoma naona jambo jingine: Katibu Mkuu anajua kwa uhakika kabisa nani anaweza kumnyima kazi. Anajibu kwao. Uwajibikaji upo, tena mkali, ila umeelekezwa kwa nchi tano zenye kura hiyo ya turufu. Benki ya Dunia kiongozi wake siku zote ametoka Marekani, Shirika la Fedha la Kimataifa siku zote Ulaya, na pale kwenye Shirika la Fedha maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura wakati Marekani peke yake ina zaidi ya 16. Hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Na Bunge la Afrika, lile la Umoja wa Afrika kule Midrand, Afrika Kusini? Lilianza 2004 kama chombo cha ushauri, na bado ni cha ushauri. Mwaka 2014 pale Malabo wakuu wa nchi walipitisha itifaki ya kulipa nguvu ya kutunga sheria za mfano. Inahitaji nchi 28 kuiridhia, na hazijatimia. Kwa hiyo mwenyekiti wa Kamisheni anaweza kwenda Midrand, akahutubia, akapigiwa makofi, akaondoka. Hawana cha kumfanya.

Nikiulizwa ningeanza wapi, nitajibu jambo dogo ambalo halimfurahishi mtu kwenye semina. Katika marekebisho yale ya 2006 kilipenyezwa kifungu kwenye Ibara ya 30, ile inayomruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Arusha kupinga sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi au cha chombo cha Jumuiya. Mlango ule ni wa ajabu kwa uzuri: huhitaji chama, huhitaji mbunge, huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Wakaweka muda. Miezi miwili. Miwili tangu jambo litokee au tangu ulijue.

Miezi miwili kwa serikali yenye wanasheria wa kudumu ni muda wa kutosha. Kwa mtu wa kawaida, ni muda wa kutafuta nakala ya uamuzi, kuulizia nani ana nakala, kuambiwa nakala ipo kwa fulani aliye safarini, na kumpata wakili anayeijua ile Mahakama. Shirika moja la Kenya lilipeleka kesi ya mateso yaliyofanyika Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Kitengo cha mwanzo kiliikubali, kikisema haki za namna ile hazipimwi kwa saa ya ukutani. Kitengo cha rufaa, kilekile kilichozaliwa na marekebisho, kikasema mwaka 2012 kwamba muda umepita na Mahakama haina mamlaka ya kuuongeza hata siku moja.

Wabunge wa sasa wa Jumuiya walianza Desemba 2022 na kipindi chao ni miaka mitano. Kwa hiyo mwaka 2027 wagombea wataanza tena kuzunguka kwenye mabunge ya nchi zetu wakiomba kura, na mbunge wa jimbo lako atakuwa mmoja wa wanaoombwa. Mimi wangu nimeshamwandikia. Nimemwambia kwamba kabla hajampa mtu kura amuulize kama atapeleka hoja ya kurefusha miezi miwili iwe angalau mwaka, na kama ataunga mkono Katibu Mkuu asiruhusiwe kuhamishiwa kazi nyingine wakati hoja dhidi yake iko mezani. Barua nimeigongesha muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo, na tarehe ipo. Akijibu nitaweka jibu hapa neno kwa neno, na asipojibu nitaweka hilo pia, pamoja na jina lake.